Mhimili mpya, ndege ile ile

Kuna hoja naikuta kila zikitajwa ndege za vita za zamani zilofufuliwa, eti ikishatiwa mhimili mpya (boriti kuu ya ndani ya bawa) na mbavu mpya basi hiyo si ndege tena, ni kopi tu. Mie sikubaliani nayo kabisa.

Chukua Spitfire N3200, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Iliangushwa Mei 1940 wakati wa mapigano ya Dunkirk, ikatua ufukweni Sangatte, Ufaransa, rubani akatekwa na Wajerumani na ndege ikamezwa na mchanga mpaka 1986 ndo wakaitoa. Sasa sie tunaokaa pwani hapa Unguja tunajua chumvi inavofanya, bati la juzi tu lishaliwa, sembuse aluminiamu iliolala kwenye mchanga wa bahari zaidi ya miaka 40. Tena aluminiamu haioneshi ule wekundu wa chuma, inaliwa kwa ndani, pande unaliona zima kumbe linabanduka tabaka tabaka. Na mhimili wa bawa la Spitfire ni mabomba ya pembe nne yalochomekwa moja ndani ya jengine, mengi upande wa shina, yanapungua kuelekea nchani, na hapo ndo panapobeba uzito mwingi wa bawa. Nani atampandisha mtu angani juu ya kitu kilichooza? Wakatengeneza mpya, ikaruka tena 2014, na mwaka wa pili yake ikakabidhiwa makumbusho ya Duxford, Uingereza. Mafundi wa Nungwi wanatoa mbao na mataruma (mbavu) mabovu ya jahazi wanatia mapya na jahazi linabaki na jina lake, hakuna anaebisha.

Ninachokipinga mie ni kufichaficha. Mtu kapata kibati cha namba na vipande viwili vitatu, kajenga ndege nzima mpya, halafu anaitangaza kuwa ndo hasa ilopigana 1940, na anaeinunua analipia hiyo historia. Hapana jamani. Kila pande jipya ligongwe mhuri wa mwaka wake, na la zamani hata likiwa limeoza lisitupwe, liwekwe pembeni watu walione.

Na Beit al Ajaib yetu vilevile, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, tokea iporomoke sehemu yake Disemba 2020 naiwazia hili, ikishajengwa iandikwe wazi ukutani wapi pa 1883 na wapi pa leo.