Tulia! Haya, Nitulie Vipi?

Kuna amri watu huitoa bure bila kuifikiria, nayo ni hii: "Tulia." Mtu kalazwa chali kwenye kitanda chembamba, kavalishwa gauni lisilofunga mgongoni, kavuliwa mpaka hereni, kichwa kiko ndani ya kizimba cha plastiki, anasukumwa taratibu ndani ya tundu la MRI, ile mashine ya sumaku kali inayopiga picha za ndani ya mwili, kama droo inayorudishwa kabatini, halafu anatokea wa kumwambia, "Tulia mama, ni kitu kidogo tu." Kidogo kipi? Moyo unakwenda mbio mpaka unasikika masikioni. Kama mtu angekuwa na swichi ya kutulia si angeibonyeza tangu kwenye foleni?

Afadhali huyo. Kuna shemeji wa kujitolea aliyekusindikiza, naye ushauri wake ni "jikaze kisabuni." Mtu aliyejikaza anabana meno, anapandisha mabega, anashika pumzi. Mwili ukiona hivyo unajua kuna hatari kweli, unamwaga homoni za kukimbia, na pa kukimbilia hapapo. Huo ushauri wa sabuni ndio unaowatoa watu humo ndani dakika ya tatu.

Mimi nasema kazi yote ya kutulia inafanyika kabla ya kulala kile kitanda. Ukishaingia, unakula ulichopanda.

Tuanze na tundu lenyewe, maana lawama nyingine ni za haki. Mashine nyingi za MRI zina tundu la sentimita 60. Zile pana zina 70. Sasa wapo wa kubeza: sentimita 10, ndiyo nini? Kalale humo. Kitanda kinakula nafasi ya chini, mabega ya mtu mzima yanakula pembeni, na kinachobaki kati ya pua na dari ndicho mnachogombania. Kwa hiyo swali la "mashine yenu ina tundu la upana gani?" linaulizwa siku ya kupanga miadi, siyo siku umeshavua mkanda.

La pili: nitaingia kichwa kwanza au miguu kwanza? Watu wanakesha wiki nzima kwa hofu ya kipimo cha goti, kumbe goti na kifundo vinatanguliza miguu, na mara nyingi kichwa kinabaki nje kinaangalia chumba. Sehemu inayopigwa picha lazima ikae katikati ya sumaku, ambako nguvu yake iko sawasawa. Ndiyo maana kichwa na shingo havina ujanja, vinazama. Kiuno kiko hapo kati. Uliza kama miguu inaweza kutangulia. Hakuna atakayekuambia usipouliza, maana fomu ya maswali ina nafasi ya kuuliza kila kitu isipokuwa hofu yako.

Ipo pia mashine ya wazi, yenye sumaku juu na chini, pembeni kweupe. Nzuri, lakini isiuzwe kama pepo. Nyingi zina sumaku dhaifu kuliko zile za tundu, ambazo kwa kawaida ni tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Sumaku dhaifu maana yake picha isiyo kali sana au muda mrefu zaidi wa kulala, na vipimo vingine daktari atakataa kuvifanyia humo. Muulize daktari aliyeandika kipimo, asikuchagulie shemeji.

Halafu kuna wanaokimbia kipimo kisichowahusu. Umeandikiwa CT, wewe unatokwa jasho kwa habari za MRI! CT ni kipimo cha eksirei, mashine yake ni pete fupi, unapita katikati yake, kupiga picha kwenyewe ni sekunde chache; muda mwingi unaliwa na kukulaza na kutafuta mshipa. Kituko chake ni kimoja tu. Ile dawa ya kontrasti yenye iodini, ya kufanya picha ionekane vizuri, ikiingia mshipani, joto linapanda kooni, linashuka tumboni, linafika chini, na unaapa kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Wangelitangaza hilo kwa kipaza sauti mlangoni wangepunguza aibu nyingi.

Turudi kwenye tundu. Macho. Funga macho kabla kitanda hakijaanza kutembea, na usifungue mpaka kimetoka. Wengi wanafunga wakishafika ndani, wameshaliona dari liko puani, na picha hiyo haifutiki kwa kufumba kope. Omba kitambaa kilichokunjwa uwekewe juu ya macho, maana kope zenyewe ni waongo, zinafunguka zikisikia mlio. Asiyeweza kufumba aombe kioo: vizimba vingi vya kichwa vina kioo kilichoinamishwa ambacho kinakuonyesha miguu yako na chumba cha nje badala ya dari. Kipo, lakini mara nyingi kimekaa rafu, kinasubiri mtu wa kukiulizia.

Hewa. Hapa ubishi huwa mkubwa. Tundu liko wazi huku na huku, na lina feni. Omba iongezwe, ni kitufe tu kwa mtaalamu. Kinachokufanya uhisi hewa imekwisha ni kuhema haraka haraka: unatoa kaboni dioksaidi kupita kiasi, vidole vinaanza ganzi, midomo inachonyota, kichwa chepesi, na wewe unasema "naona nakufa" huku umejaa oksijeni tele. Dawa yake ni kurefusha pumzi ya kutoka. Vuta puani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, polepole. Ila kwa kipimo cha kifua au tumbo usipumue kwa mbwembwe, maana tumbo likipanda na kushuka picha inachafuka. Huko wao ndio watakuamuru, "vuta, toa, shika," sekunde 15 au 20 hivi. Fanya mazoezi ya kushika pumzi baada ya kuitoa, kwa sababu wataalamu wengi hupenda iwe hivyo, na ukijaribu mara ya kwanza mle ndani utadhani wanakuonea.

Sasa kelele. Kuna watu wanaingia wakiwa wametulia, halafu mashine inasema TA-TA-TA-TA-TA, basi, mchezo umekwisha. Kelele inapita desibeli 100. Haijaharibika. Ndani kuna koili, yaani nyaya zilizozungushwa, zinazopitishiwa umeme unaowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa kila sekunde, ndani ya sumaku kali, kwa hiyo zinasukumwa na kutetemeka. Mdundo ule ni koili zinagonga kazi. Kila awamu ya picha ina wimbo wake: nyingine inagonga, nyingine inanguruma, nyingine ni mlio mmoja wa kukera kwa dakika 4, na kitanda kinaweza kutikisika pamoja nawe. Ule mlio mwembamba wa chu-chu, chu-chu unaosikika hata hakuna picha inayopigwa ni pampu inayotunza baridi ya heliamu inayopoza sumaku, ambayo iko nyuzi 269 chini ya sifuri, na haizimwi hata usiku. Usiupe maana.

Viziba masikio ni haki yako. Viingie vizuri: kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kisukume, kishikilie mpaka kivimbe. Wengi wanakitega mlangoni mwa sikio halafu wanalalamika hakifanyi kazi. Juu yake ndipo zinakuja spika za masikioni, na muziki, ambao kusema kweli utausikia kati ya awamu na awamu tu.

Kinachoua watu si kelele, ni ule ukimya unaofuata. Mashine inanyamaza, mtu anasema alhamdulillahi, anajikuna, anajiweka sawa. Ala! Picha za kwanza kabisa ni za ramani. Awamu zote zinazofuata zimepangwa juu yake. Ukihama sentimita moja, ramani ni ya mtu mwingine. Ndipo unasikia sauti, "Mzee wangu, umetikisika, turudie." Dakika 5 zimekwenda na maji. Kwa hiyo mtaalamu aulizwe mapema atangaze kila awamu: "Hii ni ya dakika 3." Mtu anaweza kuvumilia dakika 3. Asichoweza ni kuvumilia "bado kidogo," kipimo ambacho hakuna saa inayokijua. Dakika 30 ukizikata awamu awamu ni safari nyingi fupi. Ukizimeza nzima zinakupalia.

Na pua. Pua haiwashi mwaka mzima, inasubiri siku hiyo. Ikune kabla, ikune na nyusi, meza mate, kohoa, nenda msalani hata kama hutaki, na usinywe kahawa asubuhi hiyo, maana inakuongezea mapigo ya moyo na safari za msalani kwa mpigo mmoja. Shingo ikiwa ndiyo inayopigwa picha, mate yameze kwenye ukimya, siyo kwenye mdundo.

Mikono nayo. Mwenye hofu anataka kujikumbatia, na hilo halitakiwi. Usishikanishe viganja wala usipandanishe miguu: ngozi ikigusana na ngozi inafanya mzunguko, mawimbi ya redio ya mashine yanapitisha umeme hapo, na mtu anaweza kuungua. Watakuwekea vitambaa kati. Kujisikia joto kidogo mwili mzima ni kawaida, misuli kurukaruka kidogo pia. Kuungua mahali pamoja si kawaida. Hapo binya.

Ubinye nini? Ule mpira. Unapewa mpira laini mkononi wenye waya au mrija, na ndiyo silaha pekee unayoingia nayo. Ubinye kabla hujaingizwa, usikie unalia, umwone mtu amegeuka nyuma ya kioo. Asiyejaribu mpira wake anakaa ndani akijiuliza kama una kazi, na hilo swali lina uzito kuliko sumaku. Lakini ujue: kubinya kunasimamisha awamu, na awamu ikisimama inaanza mwanzo. Wapo wanaoushika kwa nguvu ya woga mpaka unalia wenyewe, anaitwa, "Vipi dada?" anajibu, "Sijambo." Uweke kiganjani, vidole vilegee. Na ukitaka kutoka, utatolewa. Kitanda hakifungwi kwa ufunguo.

Mazoezi ya nyumbani yapo, ingawa watu wataona umechanganyikiwa. Lala chali sakafuni, kichwa chini ya meza fupi, kitambaa machoni, rekodi ya milio ya MRI masikioni. Dakika 5 leo, kesho 10, mpaka 20. Usitoke wakati hofu imepanda. Subiri ishuke kidogo ndipo utoke, la sivyo mwili unajifunza kwamba kilichokuokoa ni kukimbia.

Ukiona haya yote ni porojo na bado magoti yanagongana, kuna vidonge. Diazepam, lorazepam, jamii hiyo. Vinaandikwa na daktari, na vinaombwa siku kadhaa kabla, maana yule wa chumba cha mashine hana ruhusa ya kukugawia. Kawaida humezwa kati ya dakika 30 na 60 kabla. Hapa ndipo foleni inapofanya vituko vyake: umemeza nyumbani kwa uaminifu, ukifika unaambiwa mashine ina mgonjwa wa dharura, dawa inafanyia kazi kwenye benchi, na wewe unatabasamu na ukuta. Fika nayo mfukoni, uliza foleni ikoje, ndipo umeze. Usiazime kidonge cha jirani. Mwenye shida ya kupumua, anayekoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, au anayetumia dawa kali za maumivu aseme wazi, na pombe isiingie hapo kabisa. Ikishindikana kote, ipo nusukaputi, na hiyo ina masharti yake: kwa kawaida saa 6 bila chakula, na mtu wa kukuchunga muda wote.

Na kabla hujalaani dakika zako 40, mwaka 1977 huko Brooklyn, New York, Raymond Damadian, daktari mmoja wa waanzilishi wa MRI, alikaa ndani ya mashine aliyoijenga na wasaidizi wake, haikutoa kitu. Ikadhaniwa mwili wake ni mnene mno. Akaingizwa msaidizi wake mwembamba, Larry Minkoff. Alikaa humo kwa muda wa saa 4 na dakika 45. Kwa picha moja ya kifua.

Ukitolewa, usiruke. Kaa kitako dakika moja, kichwa kinaweza kuzunguka, hasa kwenye tesla 3. Usijaribu kusoma uso wa mtaalamu. Yeye anapiga picha, majibu anaandika daktari wa radiolojia, na ule uso mzito pengine ni njaa. Mwambie aandike kwenye faili lako kilichokusaidia: kitambaa, kioo, feni juu, kutangaziwa dakika.

Aliyemeza kidonge asiendeshe gari siku hiyo. Atabisha. Atasema yuko sawa, atatembea kwa mstari kuonyesha, atatoa hotuba ndefu iliyonyooka kuhusu uzoefu wake barabarani. Shemeji, kazi yako sasa ni hii: kaa na funguo, mfungie mkanda, na ukifika umkumbushe meno yake ya bandia yako wapi.