Traksuti ya Baba Mkubwa na Karatasi Aliyoitoa Bure

Mwaka 2009, siku chache baada ya Kilimanjaro Marathon, baba mkubwa aliuza traksuti yake ya timu ya taifa kwa shilingi laki moja na nusu. Mnunuzi alikuwa mgeni aliyekuja kukimbia Moshi, akapitia Arusha kabla ya kwenda mbugani. Dereva wake, kijana wa kwetu Ngaramtoni, alimwambia yupo mzee hapa aliyewahi kuvaa jezi ya Tanzania. Walikaa kwenye benchi chini ya mparachichi, mama mkubwa akaleta chai, na ilipofika saa kumi mgeni akaondoka na traksuti ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya begi lake.

Ukoo ulichafuka. Mimi nilikuwa katika wale waliosema maneno makali zaidi. Nilimwambia baba mkubwa, mbele ya watoto wake, kwamba ameuza bendera. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Mwanangu, dada yako anaripoti shule Jumatatu. Wewe umekuja na shilingi ngapi?" Sikuwa nimekuja na kitu. Nilirudi mjini na hasira zangu, na dada akaripoti shule Jumatatu.

Imenichukua miaka mingi kukiri kwamba siku ile nilimkosea mzee. Traksuti ilikuwa yake. Jasho lililoingia humo lilikuwa lake, na magoti yanayomsumbua kila mvua za masika zinapoanza ni yake peke yake. Mwanariadha mstaafu ana haki ya kuuza kiatu, namba ya kifuani, kikombe, hata medali, na hana haja ya kutuomba radhi. Nasema hivyo nikijua wapo watakaonuna. Lakini kuna jambo lilifanyika pale chini ya mparachichi ambalo mimi, kwa kelele zangu, sikuliona, na ndilo linaloniuma leo kuliko mauzo yenyewe.

Yule mgeni alikuwa na daftari. Alimuuliza baba mkubwa alikabidhiwa traksuti ile mwaka gani, na nani, kwa safari ipi, na aliivaa siku zipi. Akamwomba aandike kwa mkono wake maelezo mafupi, kwa Kiswahili, aweke tarehe na sahihi. Akampiga picha akiwa ameishika ukutani. Kisha akaomba kuingia sebuleni, akaipiga picha ile picha ya zamani inayoning'inia juu ya redio, ambamo baba mkubwa na wenzake wamesimama kiwanja cha ndege wakiwa wamevaa traksuti hizo hizo. Sisi tuliona ni uungwana wa mgeni anayependa hadithi za wazee. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa, na baba mkubwa aliitoa bure, juu ya chai.

Bila ile karatasi na zile picha, traksuti ile ni mtumba. Nenda Memorial pale Moshi asubuhi marobota yanapofunguliwa, utapata jaketi zuri la michezo kwa bei ya sahani ya pilau. Kitambaa hakina bei. Bei iko kwenye ushahidi kwamba kitambaa hiki kilikuwa mwilini mwa mtu huyu, siku hii, katika mbio hizi. Wakusanyaji wa kumbukumbu za michezo wanalijua hilo vizuri mno.

Chukueni jezi ya Maradona. Juni 22, 1986, robo fainali ya Kombe la Dunia pale Mexico City, Argentina iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1, moja kwa mkono na jingine kwa chenga ambazo dunia haijazisahau. Baada ya mechi Steve Hodge, kiungo wa Uingereza, alibadilishana jezi na Maradona. Aliitunza miaka mingi, akaiazima kwa jumba la makumbusho la soka pale Manchester, na mwaka 2022 akaipeleka mnadani London. Familia ya Maradona ikapinga, ikasema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, wakati mabao yote mawili yalifungwa kipindi cha pili. Hapo ndipo utaona kazi ya ushahidi. Wataalamu walichukua picha za mechi, wakazilinganisha na jezi yenyewe: namna nembo ilivyoshonwa, mistari ilipokutana na mshono, namba ilivyokaa mgongoni. Hakuna jezi mbili zinazoshonwa sawasawa kabisa. Wakathibitisha ni ya kipindi cha pili, na ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7.1. Fedha zilikwenda kwa mtu wa timu iliyofungwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeitunza.

Simlaumu Hodge hata kidogo. Alitunza, wengine wanafulia.

Na kufulia ni neno la kweli hapa. Katika nyumba nyingi za wanariadha wa mkoa huu na ya jirani zetu wa Manyara, singlendi ya mashindano ikirudi kutoka Ulaya inaingia kwenye beseni la sabuni siku hiyo hiyo, inapigwa pasi, anapewa mdogo mtu aende nayo shamba, na baada ya miaka mitatu ni kitambaa cha kufutia baiskeli. Mkusanyaji anataka kinyume chake. Anataka doa, vumbi la uwanja, matundu manne ya pini zilizoshika namba kifuani. Alama hizo ndizo anazozilinganisha na picha ya siku ile. Ukifua unafuta maandishi.

Kuna kisa cha Mmarekani mmoja kinachonifanya nimkumbuke baba mkubwa kila ninapokisoma. Mark Wells alikuwa kwenye timu ya hoki ya barafu iliyoishangaza dunia kwa kuwafunga Wasovieti na kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1980. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimwandama, gharama za matibabu zikamlemea, akaiuza medali yake kwa mkusanyaji. Mwaka 2010 medali hiyo ilipanda mnadani na kuuzwa dola 310,700, ambazo kwa hesabu ya leo ni zaidi ya shilingi milioni 700. Muuzaji safari hii hakuwa Wells.

Ya Jesse Owens inafanana nayo kwa namna nyingine. Mkimbiaji huyo Mmarekani alishinda dhahabu nne za Olimpiki pale Berlin mwaka 1936, akarudi kwao akafikia hatua ya kushindana mbio na farasi ili apate riziki. Medali moja aliigawa kwa rafiki. Desemba 2013, yeye akiwa amefariki tangu 1980, medali hiyo iliuzwa kwa karibu dola milioni 1.47. Na mtu asifikiri bei ile ni ya madini. Medali za dhahabu za Olimpiki za siku hizi kwa sehemu kubwa ni fedha iliyopakwa dhahabu, na kiwango cha chini cha dhahabu hiyo ni gramu 6 tu. Ukimpelekea sonara pale karibu na Soko Kuu akaiweka kwenye mizani, atakutajia bei ya kukuliza. Kinachonunuliwa ni siku ile uwanjani.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tuna siku za namna hiyo, na tunazo nyingi. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliongoza mita 1,500 tangu bastola ilipolia mpaka utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Watu walikuwa wamezoea mbio za kuviziana, yeye akakimbia mbele kama anayefukuzwa. Muda ule ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka mwaka 2022. Miaka 48! Hebu fikiria namba ya kifuani ya siku ile, na kando yake kiatu cha Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya dakika nne, mwaka 1954. Kiatu kimoja na mwenzake viliuzwa London mwaka 2015 kwa pauni 266,500, na Bannister, aliyekuwa daktari wa mishipa ya fahamu, akaelekeza sehemu ya fedha kwenye hisani. Hakuna Mwingereza aliyemwita msaliti.

Au John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City, 1968, marathoni ya Olimpiki. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza kwa zaidi ya saa moja pale Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, giza limeshaingia, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia inamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia. Bandeji kama ile, ikiwa na picha na barua ya mwenyewe, ingegombaniwa katika mnada wowote duniani. Najua ni ajabu kusema hivyo kuhusu kipande cha kitambaa chenye damu. Lakini ndivyo kumbukumbu zilivyo, zinang'ang'ania vitu vidogo.

Wanaosema vitu hivi ni mali ya taifa wana hoja, na sitaki kuwapita haraka. Ni kweli mtoto wa Sekei au Pasua anapaswa kuweza kuingia mahali akaona kiatu kilichokimbia kwa ajili ya nchi yake, badala ya kusikia kwamba kiko kwenye kabati la tajiri ng'ambo. Lakini taifa linalodai mali lazima lije na pochi. Nobby Stiles, aliyechukua Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1966, aliuza medali yake mwaka 2010 ili awaachie wanawe kitu. Aliyeinunua, kwa pauni 188,200, ni Manchester United, klabu aliyoichezea miaka mingi, na ikaiweka kwenye makumbusho yake. Mzee alipata fedha, watoto wakapata urithi, medali ikabaki nyumbani.

Mbona na sisi tusifanye hivyo? Arusha ina Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni, na ya Elimu Viumbe kwenye Boma la zamani la Wajerumani. Chumba kimoja cha riadha katika mji huu kingejaa wageni, kwa sababu wageni wa mbio tunao tayari: kila mwaka wanajazana Uwanja wa Ushirika Moshi, na wengi wao wanapita hapa. Kiingilio chao kinaweza kuwa mfuko wa kuwanunulia wastaafu vitu vyao kwa bei ya heshima, na mstaafu mwenyewe akaketi pale siku mbili kwa wiki akitia sahihi picha zake na kuziuza. Picha yenye sahihi inauzwa leo na kesho, na kikombe kinabaki kabatini. Nashangaa biashara hii ndogo, isiyohitaji mtaji, hatuigusi, wakati mgeni yuko tayari kununua bangili tatu pale Mnara wa Saa kwa sababu tu kijana amemwendea na tabasamu.

Na kama lazima kuuza kwa wa nje, basi kuuzwe kwa mkataba. Mstaafu abaki na nakala ya maelezo yake na picha. Wakubaliane kwa maandishi kwamba kitu kikiuzwa tena kwa bei kubwa, asilimia fulani irudi kwake au kwa watoto wake. Mnunuzi mkweli hatakimbia. Anayekimbia kwa sababu ya kipengele hicho alikuwa na hesabu zake tangu mwanzo.

Ninawaza zaidi vijana wanaokimbia sasa. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Mshindi na wa pili waliandikiwa muda mmoja. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Viatu vya mbio kama hizo, namba, singlendi, kila kimoja kinahitaji bahasha yake na maelezo yake wiki hiyo hiyo, mwenyewe akiwa bado anakumbuka kila kilomita. Makocha wa kambi zetu, wafundisheni vijana hili kama mnavyowafundisha kunyoosha misuli. Usifue. Toa pini zisishike kutu. Weka kwenye bahasha ya karatasi, maana nailoni inavundika. Andika.

Mimi nimeanza na mzee wangu. Kwenye tranka lake bado ipo namba moja ya kifuani, karatasi imekuwa ya njano, na tundu moja la pini lina duara la kutu. Jumapili iliyopita nilikwenda na simu, nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi lile lile, nikamwomba asimulie mbio zile tangu asubuhi alipoamka. Alisimulia kwa saa mbili. Nilipomsomea nilichoandika, alinikatiza kwenye mstari wa nne.

"Hapana, mwanangu. Sikumpita kwenye kona ya mwisho. Nilimpita kabla ya kona, upande wa nje, na yeye aligeuka akaniona. Andika hivyo. Na uandike aligeuka."

Nimeandika aligeuka. Amesaini, mama mkubwa ametia sahihi kama shahidi, na nakala moja ninayo mimi. Bei hatujapanga. Amesema safari hii atakayeuliza atapewa chai, na karatasi ataiona akishataja kiasi.