Kutoka wadi hadi ofisi ya gavana: MCA kijana hujifunza nini njiani?

Uchaguzi ukikaribia, kaunti nyingi za Kenya huwa na MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) kijana anayeitwa "gavana wa kesho". Wanaomshabikia husema ameanzia mashinani, anajua shida za mwananchi. Wanaompinga husema bado mbichi, angoje zamu yake. Nimesikiliza pande zote mbili na naona zinabishana kuhusu umri wake, ilhali jambo zito ni kazi aliyoifanya akiwa wadini.

Hoja ya kungoja zamu haina msingi wa kisheria. Ibara ya 180 ya Katiba inasema anayestahili kugombea ugavana ni yule anayestahili kugombea uwakilishi wadi. Tofauti inaletwa na Sheria ya Uchaguzi, inayomtaka gavana awe na shahada; kwa MCA, sharti hilo lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Na kungoja nako kuna gharama. Katiba humhesabu mtu kuwa kijana kabla hajafikisha miaka 35. Aliyeshinda wadi akiwa na miaka 28 na kumaliza mihula miwili ana 38. Ngazi ni ndefu kuliko ujana wenyewe!

Ndiyo maana wengi hupitia pembeni. Stephen Sang aliukwaa ugavana wa Nandi mwaka 2017 akiwa na miaka 32, lakini alitokea Seneti, wala si wadi. Njia nyingine, ya kuwa waziri wa kaunti, ina mtego: ibara ya 179 hairuhusu waziri kuwa mwanachama wa bunge la kaunti. MCA anayeitwa na gavana sharti aachie kiti alichopewa na wapigakura, akakalie kingine ambacho gavana anaweza kumtoa. Kwa mwanasiasa chipukizi, hiyo ni kamari. Akifutwa kazi katikati ya muhula, kule wadini ameshakaa mtu mwingine.

Turudi kwenye hoja ya mashinani, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi langoni kwa MCA utakuta mama ameshika fomu ya basari, mzee ana bili ya hospitali, na vijana wawili wanauliza greda itafika lini. Asipotoka, jioni habari imeenea kwamba amekuwa mkubwa. Ofisi nyingine chache humweka kiongozi karibu hivyo na anayemwongoza, na gavana aliyepita hapo hawezi kudanganywa kirahisi na ripoti ya afisa kwamba zahanati ina dawa.

Ila langoni hapo hufundishwa pia kutoa. MCA huzoea kwamba siasa ni kumaliza shida ya aliye mbele yako, leo, hata kwa pesa ya mfukoni. Kaunti haiendeshwi hivyo. Inaendeshwa na makaratasi yenye tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Huko ndiko huamuliwa kama wakandarasi watalipwa na kama hospitali itapata vifaa. MCA aliyekaa kwenye kamati ya bajeti akayapekua makadirio mstari kwa mstari ameusomea ugavana. Mwenzake aliyefungua kurasa za wadi yake tu, akaona barabara yake imo, akapiga kura ya ndiyo, amesomea kuwa MCA tena. Mimi humpima kijana hapo, hata kama hotuba zake zinatikisa uwanja.

Kuanzia chini pekee hakutoshi, na mfano upo. Ferdinand Waititu alianza kama diwani wa Njiru jijini Nairobi, akawa mbunge wa Embakasi, kisha gavana wa Kiambu mwaka 2017. Umaarufu wa mashinani alikuwa nao wa kumwaga. Januari 2020 Seneti ilimwondoa, baada ya bunge la kaunti yake mwenyewe kupitisha hoja ya kumng'oa.

Hoja kama hiyo huhitaji theluthi mbili ya wanachama wote wa bunge la kaunti, na aliyewahi kuwa MCA anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko gavana aliyetoka kwenye biashara au chuo kikuu. Inaweza kumfanya aliheshimu bunge. Inaweza pia kumfanya alinunue mapema. Ukimwona gavana mpya wa aina hiyo anawaahidi MCA barabara za wadi zao kabla hata bajeti haijasomwa, ujue hajaisahau hesabu hiyo.