Nipeni Kiwanja Chenye Bomba, Nyumba Nitajenga Mwenyewe

Nimezaliwa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, kwenye nyumba ndogo ambazo serikali ya mkoloni iliwajengea wafanyakazi miaka ya 1940 na 1950. Kiswahili nilikiokota huko huko, maana Mluo, Msoga, Mnubi na Mgisu tulichota maji bomba moja. Kwa hiyo mtu akisema serikali ijenge nyumba, simcheki.

Ila ahadi zenyewe zimenichosha. Wapangaji wa Nakawa na Naguru, jijini Kampala, walibomolewa nyumba mwaka 2011, wakaambiwa mji mpya unakuja. Mji huo haukusimama kama ulivyoahidiwa. Na upungufu unaotajwa nchini ni nyumba zipatazo milioni 2.4. Wizara gani itajenga zote hizo?

Wajenzi wa Uganda ni wananchi wenyewe, kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mabati Mungu akijalia. Nyumba yangu ya Wakiso imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, ikakwama. Sebuleni umeota mgomba, na juzi tumekata mkungu. Fundi akanitania: "Mzee, nyumba yako imezaa kabla hujahamia."

Sikukwamishwa na matofali. Pesa ya mabati iliishia kwenye kuchonga njia na kuvuta maji kutoka bomba kubwa lililo mbali. Tena changu ni kibanja tu juu ya ardhi ya mailo, mfumo uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900: hati anayo mwingine, mimi nalipa busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka. Sheria hairuhusu nifukuzwe ovyo, lakini nikienda benki na karatasi yangu ya kibanja, naangaliwa tu. Mwenye hati naye hapati wa kumuuzia ajenge ghorofa, kwa sababu mimi nipo. Tumeshikana mashati.

Hapo ndipo serikali iingie. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka mfuko wa kuwakopesha wenye vibanja wanunue hati. Huo mfuko unenepeshwe. Halafu ipime viwanja, ifungue barabara na kulaza mabomba watu wakiwa bado hawajafika. Si ndoto. Masese, jirani kabisa na Walukuba, mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa mtaa wa mabanda walisaidiwa kwa fedha za Denmark, wakatengeneza vifaa vya ujenzi kwa mikono yao, wakajenga.

Ipo pia sheria ya wapangaji ya 2022, inayozuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nzuri, lakini haifyatui tofali hata moja. Anayelala na watoto wanne kwenye chumba kimoja pale Namuwongo, mtaa wa mabanda wa Kampala, kile Waganda wanachokiita muzigo (na kweli ni mzigo), anahitaji vyumba viongezeke mjini hadi wenye nyumba waanze kumbembeleza yeye.

Mwezi huu narudi kwenye linta yangu. Fundi ameuliza kama mgomba tuung'oe. Nimemwambia asubiri, kuna chipukizi lingine limebeba.