Nyimbo za watu, sawa, ila hawakuficha
Kuna mwandishi anaibeza Labour of Love, albamu ya bendi ya reggae UB40 (1983), eti ni nyimbo za watu wengine tu zilizoimbwa upya. Ni za watu kweli, na hawakuficha: vijana wa Birmingham walirudia nyimbo walizokua nazo. Hata jina la bendi wamelitoa kwenye fomu ya posho ya wasio na ajira Uingereza! Red Red Wine ni ya Neil Diamond, lakini wao waliijua kwa sauti ya Mjamaika Tony Tribe. Toleo la UB40 lilishika namba moja Uingereza mwaka huohuo wa 1983, Marekani likasubiri mpaka 1988. Kaseti yangu ilikatika katikati ya wimbo huo, nikaiunga kwa selotepu. Hadi leo nikiusikia redioni nasubiri uruke.