Zimwi Langoni, Mwenge Ukutani

Mimi si mtu wa kupandisha sauti kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika ambao dadu ndizo zinaamua, nasi tunaucheza kwa kanuni za 2014. Lakini ndugu zangu walinzi wa ngome, kibwengo mwenye alama 7 za uhai anapigiwa mpira wa moto wa nini? Dadu 8, wastani alama 28, kwa wapelelezi watatu waliokuja kuchungulia tu! Jeshi lenyewe bado liko msituni. Mchawi wa ngazi ya 5 ana nafasi mbili za mpira huo kwa siku. Ya tatu hairudi mpaka apumzike saa nzima, na vibwengo hawangoji mtu aamke.

Wapiga mishale nao. Upinde mrefu unalenga vizuri mpaka futi 150. Kutoka hapo hadi 600 unatupa dadu mbili na kuchukua ndogo, lakini hakosi mtu wa kuanzia kwenye 600 eti "si unafika?" Unafika, ndiyo. Ardhini.

Misumari ya kutega: mfuko wa misumari 20 hufunika futi 5 kwa 5. Lango la futi 10 linataka mifuko miwili kwa mstari mmoja. Watamwaga mmoja katikati, halafu washangae adui anapita pembeni.

Haya, zimwi. Wahenga walisema likujualo halikuli likakwisha. Hili la kanuni za Dungeons & Dragons za 2014 ndilo lisilokwisha: alama 84, na kila zamu yake ikianza linajirudishia 10. Dawa yake ni moto au tindikali. Likiguswa na kimojawapo, zamu inayofuata halijiponyi, na likiianza liko sifuri, ndiyo limekufa. Kwa hiyo mtu mmoja, mmoja tu, ashike mwenge. Mwenge unaunguza alama 1. Moja inatosha!

Nani atashika? Shujaa ana upanga wa mikono miwili, hawezi. Padri ana ngao na rungu, hawezi. Mwizi amejificha, na aliyejificha habebi taa, hapo nampa haki yake. Mwenge unabaki ukutani, unapendezesha. Shujaa anatupa dadu ya pande ishirini: ishirini! Zimwi chini, vifijo, watu wanakumbatiana. Zamu ya nani sasa? Ya zimwi. Linaamka na alama zake 10, meno na makucha mawili. Shujaa anadai limependelewa. Kanuni zinafunguliwa. Raundi ni sekunde 6, na ndani ya sekunde hizo jioni nzima imekwisha. Mchawi, kimya muda wote, anaulizwa: si unacho kile kimoto kidogo, unachoweza kurusha kutwa kucha bila kuishiwa? "Kumbe na chenyewe kinahesabika?" Kinahesabika, bwana! Moto ni moto!

Aliyechimba handaki upande wa ndani wa ukuta simtaji, nachunga ulimi wangu. Chupa za mafuta ziko wapi? Kwenye punda. Punda yuko wapi? Nje ya lango. Na sasa wanataka kulifungua wamfuate, wote kwa pamoja, kwa sababu punda wamempa jina.