Kijana wa mstari wa ulinzi asiachwe

Ndugu mwandishi, umeshauri kwamba timu yenye nafasi ya mapema katika drafti ya NFL, yaani zamu za timu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua vijana wapya, imwache kijana hodari wa mstari wa mbele wa ulinzi na imchukue mpokeaji mipira. Sikubaliani nawe hata kidogo. Mwaka 2014 wachezaji 12 walichaguliwa kabla ya Aaron Donald, ambaye wengi walimwona mdogo mno wa umbo, na timu ya Rams iliyomchukua ilipata mtu aliyetwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara 3.

Katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, ya Februari 2022, ikiwa imebaki chini ya dakika moja na wapinzani Cincinnati wakihitaji yadi moja tu ili waendelee kushambulia, Donald alimpita mzuiaji wake, akamkamata Joe Burrow, mrushaji mipira wa Cincinnati, na kumzungusha hata mpira ukarushwa ovyo na kuanguka chini. Rams wakashinda 23 kwa 20. Shinikizo la namna hiyo, linapotokea katikati, humnyima mrushaji nafasi ya kusogea mbele, na mpokeaji aliye huru pembeni hafikiwi na mpira. Tena mkataba wa kwanza wa kijana aliyechaguliwa ni wa miaka 4, kwa mshahara ambao nyota aliyekwisha kukomaa hawezi kuukubali.